Hodi Kwangu Mwenyewe

Nani anayetembea, mtu anapotembea bila kutaka kwenda popote? Swali hilo lilinisukuma mgongoni msimu mzima ule, na sikulijibu kwa kuwa sikupata pa kusimama nikalijibu. Nilikuwa nikienda tu. Nikitoka ukumbini nikiingia uani, nikishika ufagio nikiuacha, nikifungua kabati nikisahau nilichokifuata, mwisho nikivaa buibui na kushika njia. Mji ule haukuwa na jina, au lilikuwepo na mimi sikulisikia tena, maana aliye ndani ya hali ile majina humdondoka kama vifungo vya shati kuukuu. Mitaa yake ilikuwa mirefu asubuhi na mifupi jioni. Ipo njia niliyoifuata ikanirudisha pale pale nilipoanzia, ila kuta zake zikawa zimezeeka. Saa nazo hazikuwa na adabu: adhuhuri ilikaa mlangoni kama mgeni aliyekwisha kuaga lakini hainuki, halafu ghafla siku tatu zikapita kwa pamoja, zikinipiga kikumbo.

Watu walinisifu. Hilo ndilo lililonipoteza. Waliniona napita mbio wakasema, "Mwanamize hajui uvivu." Walidhani mwenye moyo mgonjwa hulala kitandani akaugeukia ukuta. Wangeniona nimelala wangeuliza kulikoni. Lakini mimi usingizi ulikuwa umenihama, nikiamka kabla ya alfajiri kama niliyeitwa, na aliyeniita sikumwona. Nguo zilinipwaya. Kicheko cha binti yangu Zeyana kilinifikia kama kinatoka nyumba ya pili. Wala sikuwa na huzuni, laiti ingekuwa huzuni! Huzuni ina mtu wake, ina marehemu wake, ina sababu yake. Mimi nilikuwa na kishindo tu, kishindo ndani ya nyumba tupu.

Kazi yangu ilikuwa kupamba maharusi. Niliwachora hina na piko, nikawafukiza udi, nikawapanga asumini kichwani. Mikono yangu ilijulikana mjini kote, na wapo kina mama waliosema kwamba harusi isiyopitia kwangu haina baraka. Kazi hiyo ina sharti moja lisiloandikwa popote: anayemgusa bibi harusi awe mwenye furaha. Mjane mpya hamgusi. Aliyeachika juzi hamgusi. Basi nilijua, hata kabla sijajua ninaumwa nini, kwamba siku watu watakapolijua nitakuwa nimepoteza kila kitu.

Walianza kulijua siku ya hina ya Semeni.

Semeni alikuwa binti wa Bi Shinuna, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamrisha na moyo mwepesi wa kusamehe. Chumba kilijaa wanawake mchana ule, wanaimba, wanapiga vigelegele, sinia la haluwa linapita huku na huku. Niliketi mkekani nikaushika mkono wa bibi harusi, nikachora ua moja kiganjani. Ua likatoa tawi. Tawi likatoa jani, jani likazaa kikonyo, kikonyo kikataka ua lake. Nilikuwa nimeketi, lakini mkono wangu ulitembea, na ikanijia fikra kwamba nikiuinua, yule anayetembea ndani yangu atakosa njia, atageuka, atanirukia mimi. Kwa hiyo nilichora. Nilipita kifundo cha mkono. Nilipita kiwiko. Kama ngozi ya Semeni ingekuwa ardhi, ningeichora mpaka mwisho wa dunia.

"Mize," Bi Shinuna akasema, "inatosha, mwanangu."

"Bado."

"Bado nini? Hina ya harusi inapanda mpaka begani?"

Wanawake wakacheka. Mimi niliendelea.

"Da Mize," Semeni akanong'ona, "unaniumiza."

Hapo nikatazama. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa umemkaba kifundo, na vidole vyangu vimeacha alama kwenye ngozi yake. Macho yake yalijaa machozi. Nyimbo zikakatika. Bi Shinuna akaja, akanitoa kijiti mkononi taratibu, kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu, akasema mbele ya wote, "Nenda nyumbani, ukapumzike."

Nipumzike! Neno zuri. Lakini hupumzikwa wapi? Pumziko ni mahali, na kila mahali lazima pawe na mwenyewe. Nilitoka nikiwa na hina vidoleni, na nyuma yangu nilisikia minong'ono ikianza kama mvua ya manyunyu juu ya mabati.

Keti.

Nimeketi.

Hujaketi, umeweka mwili chini. Wewe mwenyewe uko wapi?

Niko njiani.

Njia ya kwenda wapi?

Ya kutoka.

Kutoka wapi?

Sikujibu. Aliyeuliza alikuwa mimi, na aliyenyamaza alikuwa mimi, na kati yetu hakuna aliyemjua mwenzake.

Mume wangu, Sleyum, alikuwa na duka la vitambaa. Mtu mpole, mpima maneno kama anavyopima kitambaa, hakati mpaka ana uhakika. Aliposikia habari ya Semeni alifunga duka mapema akaja kuketi mbele yangu.

"Mama Zeyana, una nini? Nimekukosea?"

"Hujanikosea."

"Unakosa nini basi?"

"Sikosi kitu."

"Maana hata kulia hulii," alisema, na katika sauti yake nilisikia kwamba angefarijika sana lau ningelia. Machozi angeyajua. Machozi yana leso.

Mjomba wangu Shaame aliletwa. Aliniandikia kombe, aya zilizooshwa kwa maji, nikalinywa. Sikulidharau siku ile na silidharau leo, kwa kuwa ndani ya kikombe kile mlikuwa na huruma ya mjomba aliyetoka mbali na magoti yake mabovu. Nililala vizuri usiku huo, kisha kishindo kikarudi. Jirani mmoja akasema nina jini mpenda harusi. Mwingine akasema ni kiburi cha kuwa na kila kitu. Mwingine akaniambia nishukuru tu, nikashukuru, nikashukuru nikitembea, mpaka shukrani zenyewe zikawa hatua.

Nilifikiri sana wakati ule juu ya majina. Mji wetu ulikuwa na jina la kila maradhi ya mwili: homa ina jina, baridi yabisi ina jina, hata kikope cha jicho kina jina na dawa yake. Kwa maradhi yangu ulikuwa na majina ya lawama tu. Nani aliyepewa mamlaka ya kuyagawa majina? Anayeamua mambo yaitweje ndiye anayeamua nani aonewe huruma na nani aonewe haya. Mimi nilichagua haya. Nikaacha kupokea kazi, nikisema mkono unauma, uongo ambao kila mtu aliupokea kwa furaha, kwa sababu mkono una jina.

Siku iliyofuata, au siku ile ile, au siku ambayo bado haijaja, nilitoka baada ya sala ya alasiri nikatembea. Nilipita sokoni, nikapita makaburini, nikapita ukuta mweupe wa jengo lililo juu ya kilima, ambalo watu wa mji wetu hulipita wakiwa wamegeuza nyuso. Jua halikusogea. Nilisikia kiu. Nikaona nyumba yenye mlango wa kijani na jamvi la mkoma limeegemezwa ukutani, nikasema moyoni, hapa pana watu wema, nitaomba maji. Nikabisha.

"Hodi! Hodi wenyewe!"

Mlango ukafunguliwa na msichana mdogo mwenye nywele zilizosukwa upande mmoja tu. Akanitazama.

"Samahani, mwanangu," nikasema, "hapa ni kwa nani?"

Msichana akatabasamu akidhani ni mchezo. Kisha akaona kwamba si mchezo, na tabasamu lile lilivyozimika sitalisahau maisha yangu yote.

"Kwetu, mama," akasema. "Hapa ni kwetu."

Ndipo nikaijua sauti ya Zeyana. Ndipo mlango ukawa mlango wangu. Nyuma ya mtoto, na kitana bado mkononi, alisimama Mwatime, dada mkubwa wa mume wangu, ambaye alikuja kututembelea na kwa kuwa hakunikuta akaanza kumsuka mpwa wake. Alisikia kila neno.

Hakupiga kelele. Alimwambia mtoto, "Zeyana, nenda kwa jirani, kwa Mama Riziki, mwambie shangazi amesema akumalizie nywele." Mtoto alipoondoka, aliniletea maji. Nilikunywa nimesimama. Nikaanza kuzunguka ukumbi, na yeye akazunguka nami, bega kwa bega, kama watu wawili wanaotafuta pete iliyoanguka.

"Wifi yangu," akasema, "nitakuuliza neno, na usinijibu kwa adabu. Nijibu kweli. Unafikiria kufa?"

Nilisimama. Kwa mara ya kwanza siku hiyo miguu yangu ilisimama yenyewe. Watu wote walikuwa wameniuliza kama nimekula, kama nimesali, kama nimekorofishana na mume wangu. Hakuna aliyelifungua lile kabati la ndani yangu.

"Sitaki kufa," nikasema polepole. "Nataka kutokuwepo. Nataka iwe kama sikuwahi kuja. Na nyakati nyingine hayo mawili yanafanana, wifi, yanafanana sana, na naogopa siku moja nitashindwa kuyatofautisha."

Nilidhani atasema astaghfirullah. Alinishika mikono yote miwili, akaikandamiza kifuani mwake.

"Ahsante kwa kuniambia," akasema. "Basi leo hukai peke yako. Unaukumbuka ule mwaka niliokwenda kwa wakwe zangu?"

"Uliporudi ukatuletea asali."

"Ile asali niliinunua sokoni hapa hapa. Sikwenda kwa wakwe. Nilikuwa nikipanda kilima kile."

Nikamtazama. Mwatime! Mwatime mwenye kicheko kinachosikika mtaa wa pili, Mwatime anayesuluhisha magomvi ya ukoo mzima!

"Mimi yangu ilikuwa ya kulala," akaendelea. "Sikuinuka kitandani hata kumnyonyesha mtoto. Mama alinipeleka. Alinipitisha njia ya nyuma, jioni, nimefunikwa gubigubi. Walinitibu nikapona. Lakini kule kufichwa, wifi, kule hakujapona mpaka leo. Kila nikicheka nahisi nimeiba. Kwa hiyo kesho tutakwenda, na wewe utapita mlango wa mbele."

Sleyum aliingia akatukuta hivyo, tumeshikana mikono katikati ya ukumbi. Dada yake akamwambia yote yaliyonipata. Aliposikia habari ya kilima alirudi nyuma hatua moja.

"Kule? Kule wanakopelekwa wendawazimu?"

"Mimi ni mwendawazimu, Sleyum?" Mwatime akauliza.

"Nani amekutaja wewe, dada?"

"Mimi ndiye ninayejitaja. Nilitibiwa kule. Mama alikuficha jambo hilo."

Akaketi. Akawa akikunja na kukunjua ncha ya kikoi chake. Hatimaye akasema, si kwa hasira, bali kwa hofu tupu, "Na watu watakaomwona? Nani atamwita tena kwenye harusi ya mwanawe?"

"Pengine hakuna," Mwatime akajibu. "Wewe unataka mpambaji au unataka mke?"

Tulikwenda asubuhi, jua likiwa kali na soko limejaa. Hakuna njia ya mbele isiyopita sokoni. Sleyum alitangulia mbele yetu, mbali kidogo, kama mtu anayetembea na shughuli zake, na sikumlaumu. Wanawake walinyamaza tulipopita kisha wakaanza tena nyuma yetu. "Huyo si mpambaji?" nikasikia. "Na anapanda kilima?" Nilitaka kukimbia, na kukimbia ndiyo kazi niliyoijua vizuri, lakini Mwatime alinishika kiwiko. Mbele, Sleyum akasimama. Nilifikiri anarudi nyumbani. Alitusubiri mpaka tukamfikia, akakaa upande wangu wa pili, na kwa sauti ya kusikika na soko zima akasema, "Twende, mke wangu, jua lisitupate zaidi." Maisha yake yote mtu yule hakuwahi kupaza sauti barabarani.

Ndani hamkuwa na minyororo. Mlikuwa na mabenchi, na feni inayolia, na watu walioketi kama watu wa kawaida wanaosubiri zamu. Nilimtafuta mwendawazimu sikumwona, nikagundua kwamba pengine kila aliyeketi pale alikuwa akimtafuta, na akinitazama mimi.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo aitwaye Raiyan. Tulipoingia alikuwa anatafuna karanga haraka haraka kama aliyekosa chai, akapangusa mikono akanionyesha kiti.

"Siwezi kuketi," nikasema.

"Basi tembea. Nitakusikiliza ukitembea."

Nami nikatembea. Chumba kilikuwa kidogo, nilizunguka meza yake, naye akawa anageuza kiti chake kunifuata. Aliuliza usingizi wangu ukoje. Aliuliza vitu nilivyovipenda zamani kama bado navipenda. Aliuliza kama najiona sina thamani, kama akili inanitoroka, yamekuwa hivi tangu lini. Aliuliza lile la kufa, bila kushusha sauti, kama anayeuliza habari za kikohozi. Nikajibu. Kila nilichojibu alikijua, na hilo ndilo lililonishangaza: nilidhani nimebeba jambo ambalo halijawahi kumpata binadamu, kumbe ni njia iliyokanyagwa.

"Unayo sonona," akasema mwishoni.

Nikasimama tena. Sonona! Lakini neno lile nililijua. Bibi yangu alilitumia. Fulani anasononeka, alisema, na sisi watoto tulielewa. Lilikuwa letu, lilikuwa jikoni kwetu siku zote, na mji mzima ulilisahau ukaniita mwenye jini na mwenye kiburi.

"Sonona si kulala tu?"

"Wengine hulala. Wengine hawatulii hata dakika. Ugonjwa ni ule ule. Na unatibika, Mwanamize. Si leo, wala si kesho. Nitakupa dawa, nayo ina taratibu zake, usiitarajie ifanye kazi kama ya kichwa. Na kila wiki utakuja tuzungumze. Ile fikra ikikujia kwa nguvu, usingoje siku ya miadi. Njoo hapo hapo, saa yoyote, na mtu asikuache peke yako."

Sleyum alikuwa amesimama mlangoni. "Daktari," akauliza kwa haya, "mimi nifanye nini?"

"Usimwambie atulie," daktari akamjibu. "Tembea naye."

Sitasema kwamba mlango ulifunguka na nuru ikaingia. Siku za mwanzo zilikuwa mbaya zaidi. Dawa ilinikausha kinywa na kunitia kichefuchefu, nikataka kuitupa, na Mwatime, aliyehamia kwetu na godoro lake, alinisimamia kila nilipoimeza. Jioni Sleyum alifunga duka tukatembea, yeye na mimi, bila kuzungumza, tukiuzunguka mji usiokuwa na jina. Harusi ziliendelea bila mimi. Bi Shinuna alikuja kunitazama, akaleta vitumbua, lakini kwa binti yake wa pili alimwita mpambaji mwingine, na aliponiambia hilo hakuweza kunitazama usoni. Wengine hawakuja kabisa. Kilima kile kilinigharimu nilichokiogopa, na niliishi.

Kilema cha saa nacho kilipona kwa vipande. Adhuhuri moja ilikuja ikaondoka kwa wakati wake, nikashangaa. Mtaa mmoja ulibaki na urefu ule ule kwenda na kurudi. Na lile swali, la nani anayetembea, halikujibiwa; daktari Raiyan aliniambia si lazima lijibiwe, na siku hizi huwa naliuliza kwa utulivu, kama mtu anavyomuuliza jirani habari za safari.

Kisha ikaja siku ya yule samaki. Sleyum alirudi kutoka sokoni ameshika kikapu chenye samaki aina ya changu, akakiweka jikoni, akaanza kunywa maji. Nilimfungua samaki shavu. Lilikuwa jeusi.

"Sleyum!"

"Naam."

"Samaki gani huyu? Amekuuzia nani?"

"Yule kijana wa pembeni. Kasema wa leo."

"Wa leo wa mwaka gani? Huoni macho yake? Hunusi? Mtu mzima unakwenda sokoni unapewa uozo, unaubeba mpaka nyumbani, unaniwekea mezani kama umeleta almasi! Na kila siku ni hivi hivi, juzi ndizi mbichi, mara ile mchele wenye mawe, wewe ukiambiwa kitu kizuri unakubali tu, huulizi, hugeuzi..."

Sauti yangu ilijaza jiko. Nilihisi damu usoni. Msimu mzima ule sikuwa nimemkasirikia mtu yeyote, kwa kitu chochote. Hasira inamhitaji mtu aliyepo. Nikageuka kutafuta ndoo nimtupe yule samaki, nikamwona mume wangu amesimama na kikombe mkononi, maji yanamtiririka kidevuni, na macho yake yamelowa.

"Una nini wewe?" nikafoka.

"Sina kitu," akasema. "Endelea."

"Niendelee nini?"

"Kunigombeza. Endelea, mke wangu."

Nikaendelea.